Si Mungu Aliyesema Nimwoe Amoit

Jumapili jioni, Busia. Mvua imenyesha tangu mchana na malori yanayosubiri kuvuka mpaka yametapakaa matope hadi madirishani. Bado nimevaa shati la kanisani, limeloa. Nimefunga mlango ili jirani asije kunisalimia.

Nina aibu.

Sisi ambao watu hutuita Wamormoni tunaamini kwamba Mungu bado anasema. Anasema na nabii kwa ajili ya kanisa lote, na mzazi kwa ajili ya nyumba yake, na kila mtu kwa ajili ya maisha yake mwenyewe. Ukiuliza kwa moyo mweupe utajibiwa: wazo litatulia akilini, kifua kitapata joto. Imani hiyo ndiyo iliyonivuta baada ya mke wangu kufariki, nilipokuwa na maswali mengi na nyumba kimya.

Leo ilikuwa zamu yangu kulifundisha somo hilo hilo kwenye Shule ya Jumapili.

Amoit alikaa nyuma. Ni binti wa kutoka kijiji cha Mella, na tangu abatizwe alitaka jambo moja: kutumikia misheni, yaani kuondoka nyumbani kwenda kuhubiri popote atakapotumwa. Mwezi uliopita, kabla hajapeleka maombi yake ya misheni kanisani, nilimsimamisha uani mwa kanisa nikamwambia nimepokea ufunuo kwamba yeye ndiye mke wangu. Sikuishia hapo. Nilikwenda hadi kwao nikamwambia mama yake vilevile. Amoit akayaweka maombi kando.

Nilipomaliza kufundisha, aliinua mkono.

"Ndugu mwalimu, mtu anaweza kupokea ufunuo kuhusu maisha ya mtu mwingine, mtu mzima ambaye si mtoto wake?"

Hakuna aliyejua anachouliza ila mimi. Na jibu nilikuwa nalo, nililiandaa mwenyewe jana.

"Hapana," nikasema. "Anaweza kuhisi jambo. Lakini yule mwingine lazima aulize mwenyewe, na afuate jibu lake."

"Mimi niliuliza," akasema. "Sikuambiwa hivyo."

Wenzetu walidhani anatoa ushuhuda, wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikainamia kitabu nikasoma aya ambayo hata sasa siikumbuki.

Acha niseme ukweli. Niliomba, ndiyo, mara moja tu, harakaharaka, na jibu nilikuwa nimeshalichagua kabla ya kupiga magoti. Joto la kifuani nililisikia. Lakini joto hilo hunijia hata nikimwona Amoit akivuka barabara.

Nilijua tofauti ya joto hilo na jibu la Mungu.

Nililitaja jina la Mungu kwa sababu kwa jina langu, mimi mgane mwenye mvi, angeweza kukataa.

Baada ya ibada nilimweleza rais wa tawi, kiongozi wetu wa hapa. Nilitegemea anikaripie. Aliuliza tu, "Mama yake anajua?" Nikapanda boda kwenda Mella, mvua ikininyeshea njia nzima.

Mama Amoit alikuwa barazani akipepeta ulezi. Akanipa kiti, akaniita mkwe, jina alilonipa mwezi ule. Nikakataa kukaa.

"Mama, nimekuja kusema kwamba nilidanganya. Mungu hakuniambia nimwoe Amoit. Ni mimi niliyetaka."

Aliuweka ungo chini. "Kwa hiyo ni wewe alisema? Si Mungu?"

"Ni mimi."

Akamwita binti yake kutoka ndani. "Amoit, kuja usikie. Wewe, sema tena."

Nikasema tena. Amoit alikuwa amesimama mlangoni, kanga kiunoni. Hakuonyesha kushangaa.

"Asante kwa kusema," akaniambia. "Kesho napeleka maombi yangu." Akarudi ndani.

Nilidhani yameisha, nikaanza kuaga. Mama yake akanizuia kwa mkono.

"Mimi nakwambia ukweli na mimi," alisema. "Mimi sikukutaka. Wewe ni mkubwa kwake. Lakini ulileta Mungu hapa nyumbani, nikanyamaza. Huyu mtoto alilia, nikamgombeza, nikamwambia usibishane na Mungu. Usiku nilikuwa nauliza, huyu Mungu mbona hana huruma na mtoto wangu?" Akauokota ungo wake. "Nimemkasirikia mwezi mzima. Kumbe ni wewe."

Nikasema samahani, naye akaendelea kupepeta.

Nilikuwa nimefikiri kosa langu ni kumchelewesha msichana. Sikuwa nimefikiri kwamba kuna mama aliyepiga magoti akiwa na hasira na Mungu kwa maneno yangu.

Nimerudi, na sijaomba. Naogopa kwamba nikiuliza chochote nitajijibu mwenyewe, kama nilivyojijibu mara ile.

Asubuhi nitapiga magoti nikae kimya, bila kuomba kitu. Sijui kama ninaweza.