Uwanja wa Mikokoteni Haupokelewi kwa Simu

Kwa Bibi Coleta,
Njia ya Kaengesa,
Sumbawanga.

Jumapili, 11 Agosti 2024

Mpendwa mjukuu wangu Victor,

Marahaba. Najua shikamoo yako haijafika, ila naiitikia kabisa tusije tukangojana. Hujambo, mume wangu? Kile kifua kimepona? Nasikia huko Morogoro joto halipungui hata miezi hii, na wewe tangu utoto ukipata joto unaacha kula. Kula. Usinirudie hapa shingo imekuwa kama ya kuku wa kienyeji, watu wakasema mtoto wa Mary amekosa nini huko.

Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto linakataa kukunjwa, kanisani nakaa wenzangu wakipiga magoti, naonekana kama mgeni asiyejua sala. Mahindi yameingia ndani. Ulezi tumeukata, bado kuupura. Upepo umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye chungu kilichofunikwa.

Hayo nimeyasema kwa kuwa barua lazima ianze hivyo. Si kwamba moyo wangu uko kwenye ulezi. Tangu Jumapili iliyopita sijatulia. Nachambua maharage, naacha. Nashika ufagio, nauacha katikati ya uwanja wa nyumba, natoka barabarani kutazama, sijui natazama nini. Cornelia jirani amefika mahali pa kuniuliza nimepoteza kitu gani anisaidie kutafuta.

Simu sikukupigia kwa makusudi. Ningekupigia ungesema bibi mtandao unakatakata, halafu ungeukata wewe. Barua huwezi kuikata. Utaisoma mpaka mwisho, na ukiikunja katikati nitajua.

Nasikia wewe ndiye meneja mpya wa uwanja wa mikokoteni. Hongera. Nimesikia kwenye spika, pamoja na watu wote wa kata, pamoja na wauza miwa. Na mjomba wako Loth amesikia hapo hapo, amesimama karibu na ukuta, mikono kwenye koti.

Nikueleze ilivyokuwa, maana huenda wao wamekueleza kwa namna yao. Unakumbuka Loth alivyoushika ule uwanja tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kila mwaka watu wakishavuna wanaleta maksai wao, kila jozi na mkokoteni wake, wanashindana mbio kuzunguka kile kilima na kurudi, na Loth ndiye aliyekuwa anapanga nani asimame wapi na nani aanze lini. Mwezi wa tano kamati ikabadilishwa. Akaingia Eustace kuwa mwenyekiti, huyu mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Akaanza kupangua. Mzee Kasimiri aliyekuwa anashusha bendera mbio zianze akaambiwa apumzike, pakaletwa spika. Cornelia na wenzake waliokuwa wanapika getini wakaambiwa chakula sasa ni cha mzabuni mmoja kutoka mjini, anayeuza chipsi baridi. Halafu wakamwita Loth, wakampa shuka na kiti cha plastiki, wakamshukuru.

Sasa usidhani mimi namlilia mwanangu kwa kuondolewa. Mimi mdomo wangu hauna pazia, unanijua. Loth alikuwa amechoka na kazi imemchoka. Alikuwa anangoja mpaka mkokoteni wa mwisho ufike kutoka Mwazye ndipo mbio zianze, watu tunaungua na jua tangu misa ya kwanza. Uzio ulianguka upande wa bonde akasema atautengeneza, ng'ombe wa watu wakaendelea kujichungia ndani. Nilimwambia mwenyewe aachie. Aliponiletea lile shuka nilimwambia ni zuri, ajifunike.

Na hakununa, Victor. Hilo ulishike. Alikaa nyumbani wiki za kwanza ametulia, anachonga mipini ya majembe, kila simu ikilia anaitoa mfukoni haraka kuliko kijana anayengoja mchumba. Nilimcheka. Nikamwambia umri huu unangoja nani. Akanijibu mama, jua lako liko kule, ota.

Ikafika Jumapili iliyopita, mbio za kwanza za kamati mpya. Eustace alisema hataki tena maneno ya upendeleo, kwamba fulani kapewa njia nzuri na fulani kavuta maksai wa rafiki yake mbele. Akaamua waendeshaji waokote vikaratasi vya kura, kila mtu aendeshe maksai wa mwenzake. Kwa kusikia si wazo baya. Hata mimi niliitikia kwa kichwa. Tena Eustace amezaliwa hapa hapa, amekunywa maziwa ya hapa. Lakini ukikaa sana dukani na misumari unasahau kwamba ng'ombe si baiskeli.

Maksai wa Nyanda, yule Msukuma wetu wa ng'ambo ya mto, wakamwangukia Shedrack mtoto wa katekista. Spika ikalia, wakatoka vizuri, wanaongoza. Wakazunguka kilima. Walipofika pale njia ya kwa Nyanda inapochepuka, wakachepuka. Shedrack anawapigia kelele kwa Kifipa, wale wamelelewa kwa Kisukuma, masikio yao hayakugeuka hata kidogo. Na jozi za nyuma yao karibu zote zikafuata, maana ng'ombe akiona mwenzake anakwenda kwa uhakika namna ile anadhani huko kuna majani. Sisi tumesimama kwenye utepe wa mwisho na wapiga picha, tunangoja, vumbi linaonekana linaelekea mtoni. Mkokoteni uliofika ulikuwa mmoja, uliovutwa na maksai wa mzee mmoja wa Kate, wazito hata kuchepuka hawakuwaza.

Nyanda akaenda mpaka kwa Eustace, kwa adabu, kofia mkononi, akamwambia, "Mwenyekiti, naomba zawadi yangu. Ng'ombe wangu wamefika wa kwanza, ila wamefikia nyumbani."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi mwenyewe nilishika mbavu. Nikageuka kumwangalia Loth nione meno yake, maana mambo kama yale ndiyo yake. Alikuwa anacheka, nakwambia kweli, alikuwa ameanza kucheka.

Ndipo Eustace akashika spika kujiokoa. Akasema wananchi tuvumilie, kasoro hizi zitakwisha, kwa sababu meneja mpya ni mtaalamu wa mifugo, ni mtoto wa hapa hapa, ni Victor, na ameshakubali kazi tangu mwezi uliopita, anakuja kuanza Septemba. Watu wakapiga makofi. Wengine wakageuka kutupongeza sisi. Mama mmoja akanishika mkono akasema hongera bibi, hukutuambia. Nikatabasamu kama mtu aliyekuwa anajua.

Nilipotazama ukutani tena, Loth hayupo. Hakungoja hata Shedrack arudishwe.

Nilimkuta nyumbani kwake ameshusha lile sanduku la mabati kutoka juu ya dari. Anakunja nguo. Anasema anakwenda Mpanda, kwa rafiki yake Abel, kuna mashamba mapya kule, atalima. Mtu wa umri ule, mgongo ule, anakwenda kung'oa visiki. Gari la maharage linaondoka mwisho wa mwezi huu na ameshaongea na dereva. Nikasema na mimi je, utaniachia nani? Akasema Victor anakuja, mama, hutakuwa peke yako.

Hapo nilimfokea. Nilimwambia ana wivu, mtu mzima kumwonea wivu mtoto aliyemlea mwenyewe, aliyembeba begani tangu Mary alipomleta hapa hajui hata kufunga kamba za viatu. Nikamwambia aibu. Nilisema mengi, na kwa sauti, Cornelia alisikia yote.

Akaniacha nimalize. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Mama, mimi ndiye niliyemtaja. Waliniuliza nani anafaa, nikasema Victor. Nilidhani atanipigia aniulize uwanja unaendaje."

Basi. Akaendelea kukunja shati.

Sasa umeelewa simu aliyokuwa anaingoja? Mimi nilikaa kwenye kinu. Ulikubali kazi tangu mwezi uliopita. Ulipata nafasi ya kumwambia Eustace ndiyo, ukapata nafasi ya kumuuliza mambo ya nyumba na mambo ya pikipiki, hayo yote watu wanayajua hapa. Ya kumuuliza mjomba wako hukuipata. Uliogopa? Ulidhani amekasirika kuondolewa ukaona bora ukae kimya mpaka apoe? Kama ni hivyo ujue ulimkosea kwa heshima, na hiyo heshima yako imemuumiza kuliko tusi.

Ulikulia ndani ya nyumba hii, huwezi kuniambia hujui. Kwetu kazi ya mtu haichukuliwi kwa tangazo. Anayeingia anakwenda kwa anayetoka. Anachuchumaa mlangoni, anapiga makofi, hatamki kitu mpaka aitikiwe. Anakula chakula cha nyumba ile. Halafu anasema nionyeshe. Hata kama anajua. Hata kama amesoma mpaka macho yamevaa miwani. Anasema nionyeshe, na yule mzee anamwonyesha, hata kama ni upuuzi, hata kama ni namna ya kufunga geti lililooza. Babu yako alipompokea baba yake shamba, alionyeshwa mpaka mahali pa kuning'iniza jembe. Kwani alikuwa hapaoni?

Kazi usiikatae. Nakuona unavyowaza, utasema basi bibi naacha. Ukiacha utamvunja mara mbili, maana jina alilitoa yeye. Ninachotaka uje, na uje kabla gari la maharage halijaondoka. Omba ruhusa huko, sema bibi anaumwa, goti ni ugonjwa. Ukishuka stendi Sumbawanga usipitie dukani kwa Eustace, hata kama ni njiani, hata kama anakuita kwa jina. Zunguka nyuma ya soko. Nikisikia umekalia kiti cha ofisi ya uwanja kabla hujakaa kwenye mkeka wa mjomba wako, hapa kwangu usiingie, nitakupa maji ya kunywa nje kama mpita njia.

Na ukifika mlangoni kwake akachelewa kuitikia, usiondoke. Atachelewa, namjua, nimemzaa. Atajifanya anachonga mpini. Wewe piga makofi, nyamaza, piga tena. Usianze kuomba msamaha kwa hotuba, wala usimtolee zawadi ya duka. Sema hivi tu: mjomba, nimekuja unionyeshe. Akianza kukutukana kuhusu uzio wa upande wa bonde, kana kwamba wewe ndiye uliyeuangusha, ujue sanduku litarudi juu ya dari.

Barua hii nampa Fransisko, yule kondakta wa basi tunayesali naye jumuiya moja, nimemwambia akuwekee mkononi mwenyewe na akutazame ukiifungua. Usimpe Fransisko jibu la mdomo. Jibu ni wewe kushuka kwenye basi lake.

Wasalimie wote unaokaa nao hapo, na yule mama anayekupikia mwambie apunguze mafuta. Mama yako Mary yuko Kate, ni mzima, hajui lolote kati ya haya na usimwambie, atalia bure. Cornelia anakusalimu, anasema ukiwa meneja kamili umrudishe getini na sufuria zake, mimi nimemwambia hayo akuombe mwenyewe. Mzee Kasimiri anakusalimu na bendera yake anayo bado, ameificha chini ya godoro. Nyanda anakusalimu, anasema ng'ombe wake wanakungoja uwape zawadi yao.

Mungu akutangulie njiani, azilinde tairi za basi, na Bikira Maria akushike mkono pale utakapotaka kugeukia dukani.

Mjomba wako hajatuma salamu. Zake uje uzichukue mwenyewe.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda hata nikikukaripia,

Coleta