Nionyeshe Fisi Mwenyewe

Garissa, Jumapili

Dada Mueni mpendwa,

Mimi na Baba tu wazima, ila jua limenipasua midomo. Kwa kuwa unasomea uuguzi, nakuandikia kisa hiki.

Juzi nilimpelekea Baba chakula maabara, nikamkuta Mzee Abdullahi, mfugaji wa Modogashe, akitaka kumtoa mkewe, Mama Halima, wodini amrudishe nyumbani. Mama Halima anaumwa kichwa na shingo imekaza. Baba anashuku kuvu kwenye utando wa ubongo, lakini kipimo cha damu kutoka Nairobi hakikuona kinga za kupigana nayo.

"Karatasi imesema hana ugonjwa, Daktari. Unamfungia nini?"

Baba alimweleza kwamba kinga hizo ni kama nyayo: zinaweza kuwa za zamani, na mwili dhaifu huenda usiwe nazo kabisa.

Mzee akacheka. "Wallahi, fisi akipita juu ya mawe haachi nyayo! Basi nionyeshe fisi mwenyewe."

Baba akachanganya tone la maji ya uti wa mgongo wa Mama Halima na wino mweusi, ambao haupenyi ganda la kuvu, akamwinamisha Mzee kwenye hadubini. Mzee akafumba jicho moja, akachungulia.

"Wako wengi," akasema. "Kila mmoja na boma lake jeupe. Mke wangu abaki."

Dawa ya kuvu imefika na msafara wa askari, maana barabara si salama. Inamtetemesha Mama Halima, lakini leo amegeuza shingo mwenyewe kumgombeza mumewe: "Chai gani hii bila maziwa ya ngamia?" Mzee ametoka mbio kuyatafuta, anatabasamu.

Mwombee, dada. Mungu akutunze katika mitihani yako.

Mdogo wako,
Kalondu