Neno Alilojivunia Baba

Jumanne, 15 Julai 2014
Leo kamusi tunayoitunga imenifikisha kwenye "araucano". Wenzangu ofisini wamecheka, eti limempata mwenyewe. Maana yake si ngumu: "-a Wamapuche", yaani sisi, wenyeji wa kusini mwa Chile. Wahispania walitubandika jina hilo, hatukuulizwa. Siku hizi ni nadra kulisikia, limebaki kwenye vitabu vya zamani na vinywani mwa wazee wachache. Na baba!
Nimeandika: "La kizamani, huchukiza." Halafu nikakwama. Mwezi wa tatu, harusini kwa binamu yangu, baba alisimama akasema anajivunia damu yake ya kiaraukano. Nikamkatiza mbele ya watu — hilo ni neno la waliotunyang'anya ardhi! Akaketi bila kumaliza. Tangu siku ile, mimi na yeye ni salamu tu.

Ijumaa, 18 Julai
Baba amefariki. Kifua. Nimepanda basi la saa mbili kutoka Temuco, mvua njia nzima. Sikuwahi kumwomba radhi.

Jumapili, 20 Julai
Baba yuko sebuleni, na nyumba imejaa. Wanawake wanakaanga maandazi, wanaume wamechinja farasi. Nawazungushia wageni kikombe cha chai ya mate, napokea pole. Kila pole inanichoma.
Baba mdogo Segundo amenivuta kando ya jiko. Kumbe shuleni mwalimu alimpigisha baba magoti juu ya punje za ngano kwa kusema lugha yetu. Kisha siku moja mwalimu yule yule akasoma kitabuni habari za Waaraukano hodari wasioshindwa. Baba alirudi nyumbani anakimbia. Hakuwa amewahi kusikia tukisifiwa.
Mimi, mtaalamu wa maneno, sikuwahi kumuuliza amelitoa wapi. Nimelia mpaka baba mdogo akaninyang'anya birika.

Jumatatu, 21 Julai
Wamefika wasemaji wawili. Kesho watasimama pande mbili za jeneza, wasimulie ukoo wa baba na maisha yake yote, matamu na machungu. Wakificha kitu, roho yake haitaondoka vizuri. Kwa hiyo wanauliza, nasi tunajibu.
Mzee Eleuterio, mmoja wao, akauliza marehemu alijiitaje. Binamu zangu, waliokuja na bendera ya Wamapuche, wakasema itakuwa aibu neno lile kutajwa kaburini. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo!
Nikasema alijiita Mwaraukano. Nikaeleza na ya harusini, sikujibakiza. Binamu mmoja akatoka nje.
Mzee alinitazama sana. "Hayo ya harusini mimi sikuwepo, mwanangu. Siwezi kuyasimamia. Wewe uliyemkatiza, kesho utamalizia alipoishia."
Nikamwambia mwanamke hasimamagi pale. Akasema kesho atasimama.

Jumanne, 22 Julai
Jeneza liko uwanjani. Mvua imekatika. Nawasikia kutoka chumbani kwa baba: wamemaliza babu zake, wamepita shule, ngano imetajwa. Sasa wako kwenye ndoa yake na mama.
Nimejaribu kulitamka mbele ya kioo chake cha kunyolea. Mara tatu. Mara zote limetoka na ile sauti yangu ya dharau, ile ile ya harusini. Mdomo umezoea.
Nje wamenyamaza. Baba mdogo yuko mlangoni, hata hagongi.
"Zulema. Wamefika kwako."
Nalijaribu tena —