Kiko cha Salehe

Temeke, Jumatano

Hata leo gazeti kasoma yeye. Miaka yote barazani nasoma mimi, lakini tangu Salehe anunue hicho kiko chenye mrija wa chuma, watu wanamtazama yeye tu. Nikinyang'anywa gazeti, nani atasikiliza hoja zangu?

Nikawaambia kiko cha chuma hakivunjiki, sawa, lakini hukusanya maji machungu na kutia ladha ya msumari.

"Ushakivuta, bwana msomi?" akauliza Salehe, akanipa.

Nikavuta. Moshi ulifika umepoa, mtamu, haukuchoma ulimi kama kiko changu cha mti.

"Msumari mtupu!" nikasema.

"Basi kirudishe, kaka."

Nilikuwa bado nakivuta. Baraza zima likacheka, naye akafungua ukurasa wa pili.