Nguo ya Fahali wa Chuma

Jumatatu, 4 Agosti
Sketi mbili za shule zimeisha. Kola moja imenishinda, nimeiacha. Wafula hajapita, simu yake imezimwa. Kazi yake itanitoa roho. Huyo fahali wa chuma anayemuunda sasa ni mrefu kuliko nyumba yetu hapa Kangemi, na kijana wangu hupanda juu kumchomelea bila kushikwa na mtu.
Alianza na mageti. Angebaki na mageti. Ni huyo Bi Zuhura wa Jamhuri, mchongaji wa sanamu za vyuma, aliyemwona akampa nafasi uani kwake. Siku hizi Wafula anamwita Mama. Mimi ni Mathe tu. Haya.

Jumatano, 6 Agosti
Amekuja. Nilidhani amekonda. Amenona! Eti hula pilau kwa Bi Zuhura. Mboga yangu ya mrenda ameionja tu. Nikaosha sufuria iliyokuwa safi.
Fahali atasimamishwa mjini mbele ya jengo jipya. Jumamosi ya wiki ijayo atafunuliwa, na Bi Zuhura ndiye atavuta kamba. Nikauliza, na mimi? "Utakaa mbele kabisa, Mathe." Kukaa! Nimembeba mgongoni nikikanyaga cherehani, leo mwingine avute kamba.
Nguo ya kumfunika fahali, hiyo amenipa mimi nishone.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeenda Jamhuri kupima. Kifua, shingo, pembe. Bi Zuhura akanipokea na ule Uswahili wake wa Mombasa: "Karibu dadangu. Mwanetu hodari, mashallah."
Mwanetu. Nikacheka kwa meno tu.
Halafu Wafula akampangusa vumbi la chuma begani, bila kuombwa. Mimi hushinda na nyuzi kichwani, hajawahi kuziona.

Jumanne, 12 Agosti
Kitambaa chekundu kimejaa chumba, hata kitanda sikioni. Jirani kachungulia: "Mama Wafula, unashonea jitu?" Nimeshona kama suti ya harusi. Nimebana kiunoni. Kila pembe nimeiwekea mkono wake, mpaka kwa ncha. Kama kamba si yangu, basi watu waone nguo.

Jumamosi, 16 Agosti
Asubuhi Wafula na wenzake walimvisha fahali, wakisukuma hizo pembe zilizopinda mpaka zikaingia. Ikamkaa sawasawa. Kila mtu akasifu. Hakuna aliyefikiria atavuliwa vipi. Hata mimi. Nguo ninazozijua ni za kuvaliwa.
Bi Zuhura akavuta. Wapi. Akavuta tena, kilemba kikaenda upande. Pembe zimeng'ang'ania mikono niliyoishona. Mtu akapiga kelele, "Ng'ombe imekataa kuvua!" Watu wakaangua kicheko.
Nilifurahi. Kidogo tu, kumwona akitoka jasho. Halafu nikaona uso wa Wafula. Furaha ikaisha hapo hapo.
"Mathe! Kuja na makasi!"
Makasi huwa kwa mkoba wangu. Nikapanda ngazi na sketi yangu ya kanisa. Nani ameshika ngazi? Bi Zuhura. Wafula analia huko chini, "Polepole Mathe, utaanguka!" Kumbe anajua hofu. Nikapasua mshono wangu mwenyewe, wa kwanza, wa pili. Nguo yote ikashuka. Fahali akang'aa mpaka nikafumba macho.
Mgeni mmoja akauliza huyu mama ni nani. Bi Zuhura akamjibu kabla ya Wafula: "Ndiye mamake."
Sikutarajia itoke kwake.

Jumatatu, 18 Agosti
Mvua ndogo. Bi Zuhura amekuja na kitambaa, anataka dera. Nimempima. Mikono yake ina alama za kuungua, kama za Wafula.
Akaniuliza mrenda hupikwaje. Amejaribu kumpikia Wafula, eti kijana akasema si kama wa nyumbani. Nimemweleza vizuri, nimemchanganyia na majani ya kunde ya kwenda nayo. Akanishukuru sana.
Magadi ya kuulainisha sikumtajia.