Gundi Haikumwingia Shangazi Jichoni

Chumba cha Uani,
Nyuma ya Kibanda cha Viatu.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko zinavyoenea kwenye karatasi ya ukubwa huu. Natumaini u mzima, mgongo umetulia, na shemeji ameacha kukohoa, au angalau anakohoa akiwa ameelekea ukutani. Sisi huku hatujambo. Mimi bado natengeneza redio na pasi za watu, na bado nashindwa kuitengeneza pasi yangu mwenyewe.

Kabla hujauliza habari za hicho kifungo cheusi kilichoshonwa kwenye kona ya karatasi, kiache kwanza. Usikikate. Tutakifikia.

Barua yako imefika, nami nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Unasema umesikia mama yako ametiwa gundi jichoni, tena jicho lile moja lililobaki, na kwamba mwisho wa mwezi unakuja kumchukua akaishi kwako, cherehani iuzwe. Unanitaka nikuambie ukweli bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ukweli ni kwamba gundi haikuingia jichoni. Iliingia kwingine, nitakueleza.

Kwanza ujue Shangazi, mama yako, anavyokaa na dawa yake ya jicho. Presha ya macho ilipomchukulia jicho la kushoto, daktari alimwambia la kulia linategemea tone la kila jioni. Mtu kama mimi angetoka kliniki akaiweka chupa juu ya televisheni, katikati ya funguo na vitana. Shangazi alirudi, akakaa kwenye cherehani, akaishonea dawa nyumba.

Ni kimfuko cha kaki nzito, cheusi ili mwanga usipenye, chembamba kiasi kwamba chupa husimama wima humo. Mdomoni kina kifungo kikubwa cha koti, kidole hukipata hata taa zikizimika. Kimetundikwa kwenye msumari, ukuta wa ndani usiopigwa na jua, juu kuliko mkono wa mtoto aliyepanda kigoda. Najua, kwa sababu alinipandisha mimi kwenye kigoda nikiwa nimepiga magoti, akaniamuru nijifanye mjukuu.

Hiyo ndiyo chupa iliyofunguliwa. Zisizofunguliwa zinakaa kwenye friji lile ulilomletea, rafu ya kati, ndani ya kikopo chenye mfuniko, mbali na sehemu ya barafu, maana karatasi ya dawa yake inakataza isigande. Nyanya zimehamishiwa chini. Baba yako alipouliza soda yake imepelekwa wapi, alijibiwa kwamba friji si lake, ni la jicho.

Akifungua chupa mpya, huizungushia uzi mwekundu shingoni, kisha huchomeka pini kwenye kalenda ya ukutani, siku ambayo chupa hiyo itatupwa kama daktari alivyomwelekeza. Ikifika, inatupwa, hata kama ndani dawa bado inacheza. Hilo lilinishinda. Nilimwambia huko ni kumwaga dawa. Akaniuliza kama ningekula chakula kilichofunguliwa mwezi mzima kwa sababu tu sufuria haijaisha. Kusema kweli, niliwahi kukaribia.

Hata Mama Taarifa, yule jirani muuza mboga, alikuja na jicho linamwasha, akaomba tone moja tu. Shangazi akamwambia, "Chumvi nitakupa, kiti nitakupa, hata mume ukimtaka kwa muda tutazungumza. Dawa ya jicho hapana, mwenzangu. Nenda kliniki wakakupe yako." Mama Taarifa alicheka, lakini nadhani moyoni aliliweka.

Sasa siku yenyewe. Shangazi alikuwa anamalizia gauni la bibi harusi. Mama Taarifa alikuwa mlangoni akisubiri sketi yake, nami dirishani na nyaya zangu. Baba yako alikuwa ameleta nyumbani kiatu cha mteja kilichobanduka soli. Unamjua mzee: kibanda kiko hapo nje, lakini kazi tamu kwake ni ile inayofanyika karibu na chai. Kichupa cha gundi akakiweka juu ya meza ya cherehani. Dada, baadaye nilivisimamisha vichupa vyote viwili, cha gundi na cha dawa, sambamba. Urefu mmoja, weupe mmoja, vifuniko kama mapacha.

Saa ya dawa ikafika. Kwa kawaida Shangazi hujichukulia mwenyewe, lakini gauni lilikuwa limemjaa mapajani. Mzee akakiona kichupa mezani, akadhani mkewe ameshakitoa, akaona hapa ndipo pa kuonyesha mapenzi. Akamtia mkononi.

Shangazi akapapasa shingo ya chupa. "Hii si yangu."

"Ni yako. Nani mwingine humu ana chupa?"

"Yangu ina uzi."

"Basi uzi umechomoka. Wewe nawe, mpaka dawa unaivalisha nguo."

"Kama ni yangu, mume wangu, anza wewe."

Na yeye, kwa ule ubishi wa ukoo wenu, nisamehe, akafungua, akajiminyia tone kwenye kidole, akalisugua kwa dole gumba ili tuone kuwa ni dawa tupu. Kisha akatunyooshea mkono. Vidole havikuachana.

Sikufichi, nilicheka. Halafu nikamtazama Shangazi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya jicho lake zima, amekiacha hapo, kama mtu anayezuia kofia isichukuliwe na upepo. Kicheko kikaniishia.

Vidole vilitenganishwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, taratibu, na aliyevitenganisha ni Shangazi mwenyewe. Mama Taarifa alikuwa ameshaondoka na nusu ya habari. Nusu ya pili aliishona njiani.

Baba yako hajawahi kukiri kosa, hata la kufunga shati upande. Lakini asubuhi alikusanya gundi zote za nyumba ile, pamoja na moja niliyoificha mimi nyuma ya redio, akazipeleka kibandani, akazifungia ndani ya sanduku la bati. Hakutangaza. Viatu haviingii tena ndani, isipokuwa vilivyovaliwa. Na saa ya dawa ikifika, husimama kando ya kiti cha mkewe, mikono nyuma. Hashiki kitu. Kazi yake ni kuuliza, "Uzi upo?" Shangazi hupapasa, hujibu, "Upo." Ndipo tone linaposhuka, ncha ya chupa haigusi kope wala kidole, na kifuniko hurudi mahali pake papo hapo. Mimi hujifanya natafuta bisibisi, nisije nikaonekana nawatazama.

Uliniuliza kama mama yako anaweza kuachwa kwake. Mimi si daktari, elimu yangu naiokota kwenye karatasi za ndani ya maboksi. Ila daktari mwenyewe amempima juzi, akasema presha imetulia, aendelee vivyo hivyo. Nami nimeingia nyumba nyingi kufuata pasi zilizoungua, na sijaona kitu kidogo kama kile kikilindwa vile. Kwa hiyo njoo, Dada, tunakuhitaji. Lakini njoo kama mgeni, usije kama lori la kuhamisha.

Nilimsomea barua yako. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye kuuzwa kwa cherehani. Akaninyang'anya karatasi hii, ikiwa bado na mistari miwili tu, akasogea dirishani, akatunga uzi kwenye ile sindano nyembamba ya hariri. Mara moja, bila kulamba uzi, bila kuniita. Kifungo hicho unachokitazama kwa macho mawili, amekishona kwa jicho lake moja. Akanirudishia kalamu akasema, "Mwambie akivute."

Nisalimie shemeji, na watoto wote wawili, yule mrefu na yule msemaji. Baba yako anakusalimu kwa mkono wa kulia, umepona. Mungu akuweke, akutunzie macho yako yote mawili, na akufikishe kwetu salama.

Sasa kivute, Dada. Kwa nguvu.

Mimi wako nikupendaye, hata ukinuna,
Fundi Nyaya