Vijiti Katikati ya Wali

Kaka Shouren,

Barua yako imefika kutoka Taiwan, pamoja na picha. Umenenepa, hongera. Sisi wazima, paa linavuja palepale lilipovuja ulipoondoka.

Unauliza kama Mama alikukasirikia ulipotoroka kwenda kwa wapiganaji waliowapinga Wajapani. Nilikuwa mdogo, lakini mkesha ule wa Mwaka Mpya naukumbuka. Mama alikuwekea bakuli la wali mezani, kama anavyowekewa aliye safarini. Wanajeshi wa Kijapani wakaingia na mkalimani wao, Pang, yule mtoto wa muuza tofu. Siku zile, nyumba yenye mpiganaji ilikuwa ikichomwa pamoja na waliomo.

"Mama Shouren, mko watatu, mabakuli manne," Pang akasema. "Huyo mwingine anakulia chini ya kitanda?"

Mama akachukua vijiti vyako vya kulia, akavisimika wima katikati ya wali, kama tunavyowawekea wafu.

"Mwanangu alishakufa," akasema.

Pang akavitazama vile vijiti, akawatafsiria. Wakaondoka.

Vita vikaisha, hukurudi wala habari zako hazikufika miaka yote hiyo, na Mama akaamini kuwa vijiti vile vya wafu vilikuitia kifo, kwamba amekuua kwa mkono wake. Hakukukasirikia, Kaka. Alifariki msimu wa baridi uliopita, akiwa bado anakuomba msamaha.

Ni mimi mdogo wako,
Qiaoyun